Nifanye kazi au nikae? Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kodi, nyumba na kazi Unguja na Pemba

Mie kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu, na kila mwisho wa mwezi simu hainyamazi, huyu anauliza kakatwa nini, yule kapata kazi hotelini mumewe hataki, mwengine anataka kuacha kazi kwa sababu kapiga hesabu kaona anamfanyia kazi dereva wa daladala. Maswali ni yale yale, nimechoka kuyajibu mmoja mmoja kwa voisi za dakika nane, nayaweka hapa. Wengi wenu ni wanawake na hata wanaume wanaouliza wanaulizia wake zao, kwa hiyo majibu yamekaa huko.

## Kodi yenyewe

1. PAYE ni kitu gani, na ni ya Zanzibar au ya Muungano?

Ni kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara kabla haujakufikia mkononi, muajiri anaikata anaipeleka mwenyewe. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano ndo maana hata hapa Unguja inakusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. VAT ya huku, ile kodi iliyomo kwenye bei ya vitu unavyonunua, kodi za hoteli na nyengine za ndani zinakwenda ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ile ambayo zamani tukiiita ZRB. VAT yetu kwa kawaida ni asilimia 15, Bara 18.

Hapo hapo niseme, yule anaejisifu kuwa "mie sina ajira, silipi kodi" akinunua sabuni ya unga dukani na risiti ikatoka, kashalipa.

2. Nikipandishwa mshahara si nitaingia daraja la juu nikapata kidogo kuliko mwanzo?

Hapana, na hili limewafanya watu wakatae vyeo, wallahi nimeona kwa macho yangu. Daraja jipya linagusa zile shilingi zilizozidi tu, za chini zinabaki kama zilivyokuwa.

Chukua jedwali la Bara kwa mfano: mpaka 270,000 kwa mwezi hukatwi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 ya kilichozidi, kisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, na inaendelea kupanda mpaka 30. Mtu wa 500,000 anakatwa 18,400. Mpandishe awe 540,000, anakatwa 24,000. Kaongezwa 40,000, kodi imechukua 5,600, kabakiwa na 34,400 zaidi. Kapungukiwa wapi? Ila msichukue namba hizo mkaenda kugombana na muajiri wa Unguja, Zanzibar ina jedwali lake, omba uoneshwe. Mtindo wa kuhesabu ndo huo huo. Na mchango wa ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii Zanzibar, unatolewa kwanza halafu ndo kodi inahesabiwa, kwa hiyo usishangae namba zako zikikataa kulingana na kikokotoo cha simu.

3. Mume wangu ana mshahara mkubwa. Nikiajiriwa, kodi yangu itakuwa kubwa kwa sababu yake?

Muajiri wako anakata kwa mshahara wako wewe, mumeo hamjui wala hamuulizi. Ukianza kazi leo unaanza chini kabisa ya jedwali hata kama mumeo yuko juu kabisa. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "hakuna faida mke kufanya kazi, kodi yote", muulize kodi ipi. Faida inaweza kuwa hakuna kweli, lakini mwizi ni mwengine, nenda swali la 6.

4. Mbona huko Ulaya wanasema kodi ndo inawakalisha wanawake nyumbani?

Kwao kwengine ni kweli, ndo maana mnachanganyikiwa mkisoma mambo yao. Ujerumani tangu 1958 mke na mume wanaweza kujumlishiwa mapato, yakagawiwa nusu kwa nusu, kodi ikahesabiwa kwa nusu halafu ikazidishwa mara mbili. Mume mwenye mshahara mkubwa na mke asie na kitu wanapata nafuu kubwa. Sasa mke akitaka kuanza kazi, yuro yake ya mwanzo inakuta mapato ya mume yashapanda ngazi, yake inaanzia juu huko huko. Si kwamba sheria imesema mwanamke akae, inahesabu watu wawili kama mmoja, na anaeingia wa pili ndo anaumia, na wa pili mara nyingi ni mke.

Sweden waliuacha mtindo wa kujumlisha mwaka 1971, kila mtu na kodi yake, na wanawake walioolewa wakazidi kuingia kazini, ijapokuwa na vituo vya kulea watoto vilikuwa vikijengwa wakati huo huo, kwa hiyo sifa zote zisiende kwa kodi. Marekani wao wanajumlisha tangu 1948 mpaka leo.

Na wachumi kwa miaka mingi wamekuta kitu kimoja: kodi ikipanda, mume habadiliki sana, atakwenda kazini tu, mke ndo anapunguza saa au anaacha. Sio uvivu. Mke ndo mwenye kazi nyengine inayomsubiri nyumbani isiyokatwa kodi. Marekani tofauti hiyo imepungua sana kuanzia miaka ya 1980, kwa sababu wanawake nao kazi imekuwa ndo maisha yao.

5. Nikishika kazi mbili, asubuhi skuli jioni kwengine, nakatwaje?

Kama zote mbili ni ajira, muajiri wa pili anakata kiwango cha juu, asilimia 30, tangu shilingi ya mwanzo. Ndo maana ile ya pili inaonekana imeliwa. Wengi wanaouliza hili ni wanaume, na sababu yake iko swali la 12.

## Hesabu ya nyumba

6. Nimepata kazi hoteli ya Paje, laki nne, nakaa Kwerekwe, nna watoto wawili wadogo. Inanilipa?

Hili ndo swali la maswali. Nilikaa na dada mmoja tukapiga hesabu nyuma ya daftari la skuli la mwanawe, namba nazigeuza kidogo asijulikane. Mshahara 400,000. Makato yote, kodi na ZSSF, tuseme 36,000, mkononi 364,000. Nauli kwenda na kurudi 4,000 kwa siku, siku 26, hiyo 104,000. Binti wa kukaa na watoto 80,000, na huyo kapatikana kwa kujuana, ni mtoto wa jamaa kutoka shamba. Halafu ile ambayo kila mtu anaisahau, ukirudi saa moja usiku umechoka hupiki, unanunua, chapati na maharage au mkate na mchuzi, tuliweka 1,500 tu juu ya matumizi ya kawaida, siku 26 ni 39,000. Imebaki 141,000. Gawa kwa siku 26, unapata kama 5,420. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi anarudi saa moja jioni, saa kumi na tatu, lakini tumpe kumi na mbili. Shilingi 450 kwa saa.

Alinyamaza kidogo halafu akasema, "Basi bora nikaange sambusa."

Sasa angalia vizuri. Makato ambayo watu wanayapigia kelele ni 36,000, na sehemu yake ni ZSSF ambayo ni akiba yake mwenyewe. Nauli, binti na chakula ni 223,000. Hiyo ndo kodi ya kweli ya mwanamke wa hapa, na haikatwi na serikali wala haina risiti.

Lakini usiishie hapo ukaacha kazi. Mtoto wa miaka mitatu leo baada ya miaka minne yuko skuli asubuhi na chuoni (madrasa) mchana, ile 80,000 inapungua au inakufa. Mshahara unaweza kupanda, michango ya ZSSF inajikusanya, uzoefu unaingia. Mwenye kuacha akarudi baada ya miaka sita anaanzia pale pale alipoanzia, mara nyengine chini yake. Kwa hiyo hesabu ya mwezi mmoja inakudanganya, piga ya miaka mitano. Na bado ikikataa imekataa, sambusa si aibu. Yule dada alikwenda kazini, kwa sababu nitakayoisema swali la 9.

7. Kwa nini gharama za mtoto zikatwe kwenye mshahara WANGU?

Aliniuliza msichana wa miaka 24 na mie mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiuliza, miaka yote hiyo nahesabia watu hivo hivo. Mume akipata kazi hakuna anaesema "toa kwanza hela ya binti wa kazi tuone inabaki ngapi". Mtoto ni wa wote wawili, ile 80,000 ukiigawa nusu hesabu ya swali la 6 inabadilika, ukiiweka yote kwa baba inabadilika zaidi. Na sisi Waislamu matunzo ya mtoto yako kwa baba, kwa hiyo hata kidini hesabu yetu ilikuwa imekaa upande.

Jaribuni kuihesabu hivo nyumbani. Si kwa ugomvi, chukueni karatasi.

8. Mshahara wangu ni wangu, au ni wa nyumba?

Kwa sheria ya dini, ambayo ndo mahkama za kadhi zinaifuata, nafaqa, yaani matunzo, ni juu ya mume, chakula, mavazi, pahala pa kukaa, hata kama mke ni tajiri kuliko yeye. Mali ya mke ni ya mke. Akitoa katoa kwa hisani, anapata thawabu, hadaiwi.

Hiyo karatasini. Kiuhalisia umeme ukikatika anaeangaliwa ni mwenye hela siku hiyo. Na nimeona pande mbili: mume anaepunguza matumizi taratibu tangu mke aajiriwe, mwezi huu hatoi ya mboga, mwezi ujao hatoi ya skuli, mpaka mke anajikuta mshahara wake umegeuka nafaqa na yeye ndo kabeba nyumba, na wapo wanawake wameamua kuacha kazi kwa sababu hiyo tu, akikaa nyumbani mume anarudi kwenye wajibu wake. Na upande wa pili, mke anaficha kila kitu kwenye upatu, mume anadaiwa duka la Mpemba pale kona huku mkewe ana laki nane. Pangeni mapema nani analipa nini, na kitu kikubwa kama kiwanja au nyumba kiandikwe kwa jina la aliechangia, kila mmoja na sehemu yake. Siku ya talaka, "tulijenga pamoja" bila karatasi ni kazi kubwa kuithibitisha.

9. Bibi yake anakaa na mtoto bure, kwa hiyo mie sina gharama, sawa?

Bure kwako. Yeye pengine kaacha kwenda kwenye mwani wake au kuuza vitumbua. Kazi imehama tu kutoka kwa mwanamke mwenye miaka 28 kwenda kwa mwenye 60. Yule dada wa Kwerekwe ndo alivyofanya, mama yake alihamia kwake kutoka Makunduchi, ile 80,000 akawa anampa mama, si mshahara, "ya kahawa". Wote wawili walitoka vizuri.

Kuna na pencheni jamii, Zanzibar tangu 2016 kila mzee aliefika miaka 70 anapewa pencheni ya kila mwezi hata kama hajawahi kuajiriwa, ilianza na shilingi 20,000. Ni ndogo, lakini bibi mwenye chake anachagua mwenyewe kama anataka kulea wajukuu au hataki, asie nacho hachagui.

## Mwanamke, mwanamme

10. Kwa nini mwani ni wanawake watupu?

Ulipoanza kulimwa kibiashara huku mwaka 1989, upande wa mashariki, Paje na Jambiani, wanaume nao walikuwemo, wakaona hela ndogo wakarudi baharini. Wanawake wakabaki, na sababu kubwa ni saa. Mwani unafuata bamvua, zile siku maji yanapokupwa sana, maji yakitoka unashuka, yakijaa unapanda, siku nyengine zote uko nyumbani, na kufunga kamba unafunga barazani mtoto kalala pembeni. Hakuna bosi wa kumuomba ruhusa mtoto akipata homa.

Lakini angalia linalotokea sasa. Ile aina yenye bei, kotonii, maji yakipata joto inaoza, inataka maji ya kina. Kina kinataka ngalawa na kujua kuogelea, na mama zetu wengi hawakufunzwa kuogelea. Hapo utaona jinsi jambo dogo la malezi ya msichana miaka thelathini nyuma linavyoamua leo nani anauza kotonii na nani anabaki na spinosamu ya bei ya chini.

Karafuu Pemba ni hadithi hiyo hiyo, mwanamme anapanda mkarafuu analipwa kwa pishi, mwanamke yuko chini na jamvi anachambua makonyo mpaka usiku, vidole vimekuwa vyeusi.

11. Mume au wazazi hawataki nifanye hoteli. Nifanyeje?

Sikuamulii. Nnachosema, ulizeni wanaogopa nini hasa, kwa sababu "hoteli" ni neno kubwa. Wengine wanaogopa pombe, wengine nguo, wengine shifti ya usiku na kurudi saa sita kwenye gari la watu. Kila moja ina jibu lake: kuna kazi za ofisi ya mahesabu, za kufua, za jikoni, kuna hoteli zinakubali ushungi na zina gari la wafanyakazi. Nimeona baba mmoja wa Nungwi amekataa katakata mpaka alipoambiwa kazi ni ya stoo na ni mchana, akasema "kumbe".

Claudia Goldin, mchumi wa Marekani aliepata Nobel mwaka 2023 kwa utafiti wake wa kazi za wanawake, alionesha kuwa uchumi ukitoka shambani kwenda viwandani wanawake wanapungua kazini kwanza, halafu wanapanda tena elimu na kazi za ofisi zikija, mchoro wake umekaa kama herufi U. Mie nikiangalia mama zetu wa mwani na binti zao wa hoteli naona tuko pale chini ya U, shamba limepungua nguvu na ofisi hazijatosha.

12. Na wanaume je, wao hawana shida?

Wanayo, wanayo kubwa, ila hawaulizi. Mwanamke anajiuliza afanye kazi au asifanye, mwanamme hana swali hilo. Asipokuwa na kazi haoi, akioa akakosa kazi anaitwa majina. Ndo hao wenye kazi mbili wa swali la 5, mwalimu asubuhi, bodaboda jioni, mtoto anamuona baba Ijumaa. Na akitaka kukaa na mtoto mgonjwa, kazini watamuuliza "kwani mkeo yuko wapi?"

13. Nikizaa, kazi yangu iko salama?

Ajira Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Zile siku 84 za uzazi, 100 kwa mapacha, na siku 3 za baba mnazoziona mitandaoni ni za sheria ya Bara ya 2004, usiende kuzidai Chake Chake. Soma ya kwetu au nenda Kamisheni ya Kazi. Na ZSSF ina fao la uzazi, muulize mtu wa mishahara kama michango yako imepelekwa kweli, usiangalie kwamba imekatwa tu.

Lakini likizo na usalama ni vitu viwili. Mie nilipojifungua wa mwanzo nilirudi kazini, pahala sitapataja, nikakuta meza yangu ipo, kiti kipo, kazi zangu zote kapewa kijana alieajiriwa nikiwa likizo. Hawakunifukuza. Walinipa kazi ya kupanga mafaili. Denmark, nchi yenye likizo ndefu na vituo vya kulea watoto kila mtaa, watafiti wamekuta mapato ya mama baada ya mtoto wa kwanza yanashuka kama asilimia 20 ukilinganisha na ya baba, na hayarudi, ya baba hayatikisiki. Kama Denmark ndo hivo, na wewe ukiona unashuka usijilaumu peke yako.

## Yale ya pembeni

14. Nna wake wawili, PAYE wananipunguzia?

Hapana. Wala watoto tisa hawakupunguzii. Kila mwaka naulizwa.

15. Nimefiwa na mume, niko kazini. Eda itakuwaje?

Pole sana kwanza. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na likizo ya mwaka haitoshi. Andika barua mapema, wewe au ndugu yako, uambatanishe cheti cha kifo, omba ruhusa na useme wazi ni muda gani. Waajiri wengi hapa wanaelewa, lakini wanaelewa kwa barua, sio kwa kupotea wiki tatu halafu ndo wifi yako apige simu. Kama watakupa yenye malipo nusu au isiyo na malipo kabisa, iwe kwa maandishi, na uliza michango yako ya ZSSF itakuwaje miezi hiyo. Kama hali hairuhusu, riziki ndo hiyo na watoto wapo, wanavyuoni wanamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja na kurudi kulala nyumbani kwake. Muulize kadhi au sheikh wako, usimuulize jirani.

16. Mume kahamishiwa Wete, mie nna kazi mjini Unguja. Nani amfuate nani?

Mara nyingi mke ndo anaacha, na hakuna hata anaekaa kuhesabu. Kaeni mhesabu. Nyumba mbili, nauli ya boti kila mwezi, upande huu. Upande wa pili mshahara wote wa mke uliopotea, pamoja na kuanza upya, angalia tena lile la miaka mitano kwenye swali la 6. Kama nyote ni watumishi wa serikali ombeni uhamisho wa kumfuata mwenza kabla hamjaandika barua ya kuacha kazi, mara nyengine inachelewa lakini inapatikana.

17. Mie sina mshahara, nauza pweza na mwani, hayo ya juu yananihusu nini?

Hesabu ya swali la 6 ni yako pia, ila weka saa zako. Nunua daftari la kurasa 48. Mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, na saa nilizofanya. Mama mmoja wa Jambiani aliandika mwezi mzima akakuta pweza wa saa mbili anamlipa kuliko mwani wa siku nne, na ubuyu aliokuwa akiutengeneza usiku ulikuwa unamtia hasara, sukari na mafuta ya taa vilikuwa vikila zaidi ya anachouza. Ubuyu kauacha.

ZSSF ina mfuko wa hiari kwa wasioajiriwa, unachangia kadiri unavyopata. Nenda na kitambulisho chako, na uende asubuhi, foleni.